Koga ya Tumbaku na Maziwa ya Nyemo

Kwa binti yangu Hadija,

Salamu tulishapeana asubuhi, na hali yangu unaiona mwenyewe, kwa hiyo sitaanza na habari za afya kama watu wanaoandikiana kutoka mbali. Ukuta mmoja tu ndio uliotutenga. Wewe uko uani na shangazi yako mnafunga mizigo, mimi niko dukani, alasiri imeingia, nimewarudisha wateja wawili na kugeuza sanduku la tumbaku kuwa meza. Kesho asubuhi gari la moshi litakuchukua hapa Dodoma kwenda Tabora kwa mume wako. Nimeandika kwa herufi kubwa, zile zile nilizokufundisha kwa kijiti mchangani, ili usije ukasema hukuweza kusoma.

Mambo ya jikoni, ya kukaa na mawifi, ya nani aamkiwe kwanza, shangazi yako ameyamaliza. Tangu juzi namsikia, na amenichosha hata mimi nisiyeolewa. Mimi nina mawili tu: mama yako alikufaje, na nani aliyekuokoa wewe. Katika hayo yote mawili umelelewa na uongo, na uongo huo ni wangu. Sikuutamka kwa kinywa. Watu waliusema, mimi nikanyamaza, na kunyamaza kule kukanifaa miaka yote hii.

Unajua kwamba ulizaliwa Kondoa, na kwamba mama yako, Mwanaisha, alikufa kabla hujaota meno. Unachojua zaidi ya hapo ni kile ulichoambiwa na wanawake wa mtaani: kwamba alirogwa na jirani, mwanamke wa Kigogo aitwaye Nyemo, aliyefiwa na mtoto wake akatamani wa mwenziwe. Ndivyo ulivyokua. Jina hilo ukilisikia unatema mate, na nimekuona ukitema.

Sasa sikiliza ilivyokuwa.

Wakati ule tumbaku yangu nilikuwa nikiinunua mbichi kutoka kwa wakulima wa milimani, naitengeneza mwenyewe nyumbani. Kazi hiyo umeiona tangu utoto, lakini hukuwahi kuiona kwa macho ninayokuonyesha leo. Majani yakishanyauka unayapanga, unajaza maji kinywani, unayapulizia mpaka yalainike, kisha unayavundika chini ya mikeka. Yanapata joto lenyewe pasipo moto. Ukitia mkono katikati ya lundo unahisi fukuto kama la mtoto mwenye homa. Siku zikitimia, harufu ya asali inatoka, na hapo ndipo unapoyasokota. Nilijisifu sana kwa harufu ile. Nilidhani ni mimi ninayeifanya.

Mwaka uliozaliwa, mvua ilinyesha mpaka tukaichukia. Udongo wa dari ya tembe letu ulilowa, maji yakaanza kudondoka ndani, na yalidondokea juu ya malundo. Nilikuwa safarini siku tisa. Niliporudi na kufunua mikeka, tumbaku yote ilikuwa imeingia koga. Juu nyeupe kama majivu, chini yake kijani, na katikati majani yamegandamana. Ilikuwa mali yangu yote, Hadija. Nilikaa chini nikashika kichwa.

Mtu mwenye akili angeitupa. Mimi nilisema, koga ni vumbi tu, itakung'utwa. Na itakayobaki itaungua kwenye kiko, moto hauachi kitu. Hayo ndiyo maneno yangu, nayakumbuka yote. Nikampa mama yako fimbo mbili za kukung'utia, nikamwambia afanye kazi hiyo ndani. Alisema, kwa nini isiwe uani, kwenye upepo? Nikamwambia watu wataona. Wanunuzi wangu walikuwa wanapita hapo kila siku wakienda bomani, na kama wangeona vumbi la kijani likiruka uani kwangu, nisingeuza jani moja tena Kondoa nzima.

Nikafunga mlango mwenyewe, nikaweka na gogo kwa nje ili usisukumwe na mtu.

Tembe halina dirisha, unajua. Mama yako alikung'uta tumbaku humo siku nne, toka asubuhi hadi adhuhuri, na wewe mgongoni kwake. Alipotoka nyusi zake zilikuwa na vumbi. Siku ya pili aliniambia vumbi lile lina ladha, linakaa kooni hata akinywa uji. Siku ya tatu alianza kukohoa. Siku ya nne alimaliza kazi, maana hakuwa mtu wa kuacha kazi katikati. Nikaipaka tumbaku mafuta ya ufuta, nikaianika, ikang'aa. Walionunua waliisifu. Mpaka leo sijui ni vifua vya watu wangapi nilivyoviuzia koga ile, na swali hilo sina wa kumuuliza.

Kikohozi cha mama yako hakikuisha. Homa ikaja jioni, ikaondoka asubuhi, ikaja tena. Maziwa yakamkauka. Nyemo alikuwa jirani yetu wa upande wa chini; yeye na mumewe walikuja Kondoa kutoka Zuzu wakati wa njaa. Alikuwa amezika mtoto wake mchanga wiki mbili kabla, na maziwa yalikuwa yanamwagika nguoni mwake, jambo ambalo mwanamke haombi limpate. Akaja kila siku kukunyonyesha, pasipo kuitwa na mtu.

Na mimi, mume mwenye huruma, nikafanya dawa. Wazee wetu walipotaka kulegeza kifua kilichobana walimpulizia mgonjwa moshi wa tumbaku, mbele na mgongoni, nyumba ikiwa imefungwa ili moshi usipotee. Nami nikafanya hivyo. Nilikaa kando ya kitanda na kiko changu, nikampulizia mama yako asubuhi na jioni. Tumbaku niliyotia kwenye kiko ilikuwa ile ile. Iliyo safi nilikuwa nimeipeleka sokoni, na iliyobaki, iliyogandamana, niliiweka ya nyumbani. Ndivyo tulivyo wafanyabiashara, kibaya tunakula wenyewe na tunajiona wajanja.

Siku moja Nyemo aliingia akakuta moshi umejaa kiasi kwamba hakuniona nilipokaa. Wewe ulikuwa umelala miguuni kwa mama yako, unapumua kwa sauti. Aliniambia, "Baba Hadija, fungua. Hapa ndani hakuna hewa ya mtu." Nikamwambia asinifundishe dawa za kwetu. Akakunyanyua, akakufunga kwa nguo yake, akatoka na wewe.

Alikuchukua kwake, na hakukurudisha siku ile wala siku ya pili. Mama yako mwenyewe aliniambia nikuache huko, alisema kwa taabu lakini alisema, "Mwache. Huko anapumua." Mbele ya nani? Mbele yangu peke yangu. Siku ya tano akafa.

Watu walipokuja msibani wakakuta mtoto yuko kwa Mgogo aliyefiwa. Basi wakaunganisha mambo wenyewe. Ametoa wa kwake, ametaka wa mwenzake, amemla mama ili apate mtoto. Niliketi pale mkekani nikisikia. Kila mtu alikuwa ananitazama kwa huruma, hakuna aliyeuliza koga, hakuna aliyeuliza mlango. Ilikuwa sentensi moja tu ya kusema. Nilikuwa nayo mdomoni, na sikuitoa.

Walimfuata kwake na fimbo. Mumewe akaona afadhali warudi kwao Zuzu, na wakaondoka kabla ya matanga kuisha. Alikukabidhi kwa shangazi yako mlangoni, umeshiba, umelala. Shangazi yako alikuogesha mara tatu ili kuondoa uchawi. Nilimwona na sikusema kitu.

Utaniuliza, kama ulinyamaza miaka yote hiyo, kwa nini useme leo? Nitakuambia.

Unamkumbuka yule Mjerumani aliyekaa hapa barazani mwaka wa kwanza gari la moshi lilipofika, yule mwenye sanduku la shaba na kioo. Alikuwa akizunguka kutafuta ardhi ya kulima tumbaku, na alipenda kujua kila mtu anavyovundika. Kiswahili chake kilikuwa cha kukatika lakini kilitosha. Nilimweleza kazi yangu kwa majivuno, na nilipofika kwenye joto la lundo akacheka, akasema joto lile si la tumbaku. Akakwangua jani kidogo, akaliweka kwenye kipande chembamba cha kioo na tone la maji, akaniita nitazame ndani ya lile sanduku lake, linalokuza vitu visivyoonekana kwa macho.

Hadija, niliona vitu vilivyo hai. Vingine vifupi kama vijiti vilivyokatwa, vinatetemeka. Vingine nyuzi ndefu zenye vichwa, na vichwani mbegu nyingi mno. Akaniambia vile vijiti ndivyo vinavyoipa tumbaku joto na harufu, na zile nyuzi ndizo koga, na mbegu zake huruka hewani ukizigusa. Nikamuuliza, na moto? Moto si unaviua? Akasema mwenyewe angependa kujua.

Akachemsha kiazi cha Kizungu, akakata vipande vitatu. Kimoja akakinyunyizia tumbaku. Cha pili akaniambia nikipulizie moshi wa kiko changu. Cha tatu hakukigusa. Akavifunika vyote kwa bilauri. Mimi moyoni nikasema huyu mtu amekosa kazi. Wewe uliniuliza kwa nini Mzungu anatupa chakula, nikakuambia nyamaza.

Baada ya siku nne cha kwanza kilikuwa kimeota manyoya. Cha tatu kilikuwa safi, kimekauka tu. Cha pili, cha moshi, kilikuwa na madoa matatu madogo. Matatu tu, ungeweza kuyafunika kwa kidole. Mjerumani akasema mbegu nyingi zimekufa kwenye moto, lakini vumbi la tumbaku ambalo halijashika moto huvutwa pamoja na moshi, na humo zimo zinazopona. Akafurahi, akaandika kwenye daftari lake. Mimi niliyahesabu yale madoa tena.

Nilimuuliza siku iliyofuata, kama mtu ana kifua kibovu na anapuliziwa moshi kama huo asubuhi na jioni, inakuwaje. Akasema hawezi kujua kilichomuua mtu ambaye hakumwona, huenda ni kifua kikuu, huenda ni kitu kingine. Ni mtu mkweli, nami nakuambia kama alivyoniambia. Huenda mama yako angekufa hata kama ningefungua mlango. Lakini mlango niliufunga mimi, na moshi niliupuliza mimi, na Nyemo ndiye aliyesema fungua.

Nikavunja kiko changu siku hiyo. Wewe ulidhani kimeanguka.

Ungedhani basi baada ya hapo ningesema. Sikusema. Mwezi uliofuata Nyemo alisikia kwamba tumehamia Dodoma, akaja kwa miguu kutoka Zuzu na kibuyu cha maziwa na karanga kidogo kwenye kikapu. Alisimama mlangoni akasema mbukwa, salamu ya Kigogo, wala hakutaja jina lake, lakini shangazi yako alimtambua na kukunong'oneza. Ukamwambia, "Mchawi, rudi ulikotoka," ukamfungia mlango usoni. Ulikuwa msichana mdogo, na ulifanya ulivyofundishwa. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mafungu ya tumbaku, hatua nne kutoka ulipokuwa. Nilimsikia akiweka kibuyu chini. Shangazi yako aliyamwaga maziwa yale.

Huo ulikuwa mlango wa pili kufungwa, na nilikuwepo mara zote mbili. Aibu hiyo sijui niiweke wapi. Nimekuwa nikiuza tumbaku mchana kwa uso mkunjufu na watu wananiita mzee mwema, na mimi najua.

Alhamisi iliyopita nilikuaga kwamba naenda kuangalia majani. Nilikwenda Zuzu. Nilimkuta Nyemo amekaa nje anamenya karanga, amezeeka kuliko umri wake, mumewe amekufa, mtoto mwingine hakupata. Nilimwamkia, nikasimama, nikamwambia yote, koga, mlango, kiko, kiazi cha Mjerumani, na msibani nilivyokaa kimya. Hakuacha kumenya. Nilipomaliza nilidhani atanitukana, na nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, hata nilitamani.

Akauliza, "Hadija anajua kwamba amenyonya kwangu?"

Nikasema hajui.

"Basi kamwambie hilo. Hayo mengine ni yako, kaa nayo."

Kisha akauliza kama ni kweli kwamba unaolewa Tabora, na gari linapita siku gani. Nikamwambia. Akasema reli iko karibu na shamba lake, atasimama. Nikamuuliza asimame kufanya nini, na lile halikuwa swali la kuuliza.

Mwanangu, kuna jambo la Tabora pia, nalo ni la pumzi yako. Mume wako na baba yake ni watu wa tumbaku kama mimi, na ndiyo sababu nilikubali posa yao haraka, ninaona haya kusema. Walipotuletea fungu la zawadi nililinusa, na chini ya harufu ya asali nilisikia uvundo kidogo. Huenda si kitu. Lakini utapewa kazi ya ghalani, mke mpya hupewa, na siku moja mtu ataona aibu ya majirani na kukuambia fanyia ndani. Mimi sina haki ya kukuamuru kitu juu ya hilo. Nakuambia tu kwamba mama yako aliuliza mara moja, nami nikamjibu mara moja, naye akanitii. Laiti angenikatalia. Ningekasirika siku mbili, tatu, na leo angekuwa uani anabishana na shangazi yako juu ya kufunga mizigo.

Na utakapokuwa na mtoto mgongoni, usiingie naye ghalani. Wakisema una maringo, waache waseme.

Mwanzo nilipanga kuitia barua hii chini ya nguo zako, uikute Tabora, mimi nikiwa mbali na macho yako. Niliikunja kabisa kwa ajili hiyo. Halafu nikaona ni yale yale ya gogo nje ya mlango. Ungepita Zuzu hujui, yeye angesimama pale juani, na wewe ungegeuza uso. Kwa hiyo nitakupa mkononi sasa hivi, kabla ya magharibi, mwanga ungali wa kutosha kusoma. Nitakaa barazani. Ukitaka kuja kuniuliza, njoo. Ukitaka kunilaani, njoo vilevile. Ukiona huwezi kunitazama, usije, na kesho nitakubebea mzigo wako mpaka stesheni nikiwa nyuma yako, wala sitakulazimisha kuniaga. Itaniuma, sitakudanganya. Lakini nimeshakula sana huruma isiyokuwa yangu.

Shangazi yako nitamwambia mwenyewe. Naye alidanganywa.

Ninachokuomba ni kimoja, na sikuombi kwa ajili yangu. Kesho, gari likitoka Dodoma, kaa dirishani. Zuzu si mbali, usilale. Sijui kama gari litasimama au litapita tu. Utaona mwanamke mwembamba amesimama kando ya reli, huenda ana kibuyu mkononi. Mtu wa mume wako atakayekuwa nawe akikuuliza ni nani yule, usiseme ni jirani wa zamani. Sema, "Ni mama yangu." Sema kwa sauti, dirisha likiwa wazi, asikie.

Baba yako